Maski Haikati, Brashi Haichori: Kutafuta Kosa Kwenye Ukurasa wa Albamu ya Kidijitali

Picha umeiweka, maski (umbo linaloamua sehemu gani ya picha ionekane) umeiburuta hadi mahali pake, umebonyeza ulichofundishwa kubonyeza, na bado picha imekaa mraba vilevile kama haijaambiwa kitu. Au umechagua brashi ya matone ya maji uliyoipenda sana, unabofya, kimya. Unabofya tena kwa nguvu zaidi, kana kwamba kompyuta ina masikio mazito.

Nimepanga kurasa za albamu kwa muda wa kutosha kujua kwamba makosa ya aina hii, kwa wingi wake wote, yana mizizi miwili. Ama umechanganya aina mbili za maski zinazochangia jina, ama umesimama kwenye tabaka (layer, yaani moja ya karatasi zinazopangwa moja juu ya nyingine kuunda ukurasa) ambalo silo. Yanayobaki ni ya saizi, ya vivuli na ya uchapishaji, nayo tutayafikia.

Mifano mingi hapa ni ya Photoshop na mdogo wake Photoshop Elements, kwa sababu maski na brashi nyingi za albamu hutengenezwa kwa ajili ya hizo mbili. GIMP na Krita, programu nyingine za picha, nitazitaja pale zinaposhika njia yao. Ukitumia Mac, soma Cmd palipoandikwa Ctrl, na Option palipoandikwa Alt.

## Maski zipi hizo mbili

Ya kwanza ni maski ya tabaka. Hii hubandikwa kwenye tabaka la picha yenyewe, na utaiona kama kijipicha cha pili kando ya kijipicha cha picha kwenye paneli ya matabaka. Haina rangi. Ina nyeupe, nyeusi na kijivu basi. Penye nyeupe picha inaonekana, penye nyeusi inafichwa, penye kijivu inaonekana nusunusu kulingana na ukali wa kijivu chenyewe.

Ya pili nitaiita maski ya kubana. Hapa umbo ni tabaka linalojitegemea, picha inakaa juu yake, kisha unaibana picha ili ionekane ndani ya umbo tu. Maski hii haijali kabisa umbo lina rangi gani. Liwe jeusi, liwe jekundu, liwe la maua, matokeo ni yaleyale. Inachokitazama ni uwazi: penye rangi isiyo na uwazi picha inakaa kamili, penye uwazi kiasi inafifia, pasipo na kitu picha haipo.

Kwa hiyo maski ya tabaka inauliza, "Hapa ni peupe au peusi?" Maski ya kubana inauliza, "Hapa kuna kitu au hakuna?" Ukiipa moja jibu la swali la mwenzake, itafanya jambo ambalo hukulitaka, nayo haitakuonyesha ujumbe wowote wa kosa, maana kwa upande wake imetii.

## Picha imebaki mraba

Anza na mpangilio. Kwenye maski ya kubana picha lazima iwe juu ya umbo, na iwe juu yake moja kwa moja. Watu wengi huweka umbo juu kwa sababu akilini wanaona kama stensili inayofunika picha. Hapana, umbo ni sahani, picha ndiyo chakula. Kukiwa na tabaka jingine lisilobanwa katikati yao, picha itabanwa kwenye hilo la katikati, na kama hilo limejaa ukurasa mzima hutaona tofauti yoyote.

Mpangilio ukiwa sawa, hakikisha umebana kweli. Shikilia Alt, peleka kishale kwenye mstari unaotenganisha matabaka mawili, ubofye kishale kinapobadilika sura. Kwa kibodi, simama kwenye tabaka la picha ubonyeze Ctrl+Alt+G katika Photoshop, au Ctrl+G katika Elements za zamani (za karibuni hutumia Ctrl+Alt+G kama Photoshop). Ikishika, kijipicha cha picha kitasogea kidogo kuelekea kulia na kupata mshale mdogo unaotazama chini. Mshale usipouona, hujabana. Wengi waliobonyeza vitufe hivyo wakakosa mshale walikuwa wamesimama kwenye umbo badala ya picha, kwa hiyo walilibana umbo kwenye karatasi ya nyuma.

Mshale upo na picha bado ni mraba? Basi mtuhumiwa ni faili la maski. Zima matabaka mengine yote kwa alama ya jicho, ubaki na umbo peke yake. Ukiona vigae vya kijivu na nyeupe kulizunguka, lina uwazi na kosa liko kwingine. Ukiona nyeupe tupu, faili hilo ni JPEG, au lilikuwa JPEG kabla mtu hajalihifadhi upya kama PNG bila kuondoa weupe. JPEG haihifadhi uwazi. Kwa macho yako ni ua jeusi kwenye karatasi nyeupe, lakini kwa maski ya kubana ni mraba uliojaa rangi kona hadi kona, kwa hiyo picha imepewa mraba, ikakaa mraba.

Faili la namna hiyo halitupwi. Linafaa sana kama maski ya tabaka, kwa sababu nyeupe na nyeusi ndiyo lugha yake:

1. Fungua faili la maski peke yake. Kama umbo ni jeusi kwenye nyeupe, ligeuze kwa Ctrl+I ili umbo liwe jeupe. Fanya hivi hukohuko, kabla ya kunakili.
2. Chagua lote kwa Ctrl+A, nakili kwa Ctrl+C.
3. Rudi kwenye ukurasa, simama kwenye picha, ongeza maski ya tabaka, kisha uigeuze yote kuwa nyeusi kwa Ctrl+I. Picha itapotea, usishtuke.
4. Shikilia Alt ubofye kijipicha cha maski. Skrini nzima itakuwa nyeusi, maana sasa unaitazama maski yenyewe. Bandika kwa Ctrl+V.
5. Bofya tena kijipicha kwa Alt ili urudi kwenye ukurasa.

Hatua ya tatu ndiyo inayorukwa. Ukibandika umbo la pikseli 2000 kwenye maski nyeupe ya ukurasa wa pikseli 3600, eneo lote la nje linabaki jeupe, na picha yako itaonekana ndani ya ua na nje ya fremu kwa wakati mmoja.

Sababu ya mwisho: picha uliyoifungua moja kwa moja kutoka kamera mara nyingi huingia kama tabaka la nyuma lenye alama ya kufuli. Tabaka la nyuma halina kitu chini yake, kwa hiyo haliwezi kubanwa kwenye chochote. Libofye mara mbili, lipe jina, liwe tabaka la kawaida kama mengine.

## Ukitumia GIMP au Krita

GIMP haina amri ya kubana inayofanana na ya Photoshop, na mtu aliyezoea kule huizunguka menyu mpaka achoke. Njia nyepesi ni kugeuza uwazi wa umbo kuwa eneo lililochaguliwa (bofya kulia kwenye tabaka la umbo, utaona amri ya Alpha to Selection), kisha usimame kwenye picha na uongeze maski ya tabaka. GIMP itakuuliza maski ianze vipi. Chagua ianze na eneo lililochaguliwa. Kisha zima tabaka la umbo, kazi yake imekwisha.

Krita ina kitufe cha kurithi uwazi, chenye alama ya herufi ya alfa. Ukikibonyeza na usione badiliko, chunguza kundi. Krita hurithi uwazi wa matabaka *yote* yaliyo chini ndani ya kundi lile, sio wa lile moja la chini yake. Ikiwa karatasi ya nyuma imo kwenye kundi hilo, picha imerithi uwazi wa karatasi iliyojaa ukurasa mzima. Weka umbo na picha kwenye kundi lao wawili, itakata papo hapo.

## Picha imetoweka yote

Shikilia Shift ubofye kijipicha cha maski ya tabaka. Kitapigwa alama ya X nyekundu, yaani maski imezimwa kwa muda. Picha ikirudi, maski ni nyeusi mno. Igeuze au ipake nyeupe. Isiporudi, maski haina kosa: angalia jicho la tabaka, angalia opasiti (kiasi gani tabaka linaziba kilicho chini yake), angalia kama kuna karatasi juu inayofunika.

Kwa maski ya kubana, sababu ya kawaida ni kwamba picha na umbo havijakutana. Picha iko kona ya juu, umbo kona ya chini, hapana mahali vinapoingiliana. Chukua zana ya kusogeza, simama kwenye picha, ivute taratibu hadi ichungulie.

## Mzimu pale ulipofuta

Hili ndilo nalokutana nalo zaidi kuliko yote. Umepaka maski kuondoa watu waliosimama nyuma ya mtoto, ukurasa unapendeza, kisha unauchapisha au kuutazama kwenye skrini nyingine na unaona sura zao zikielea kwa mbali kama moshi.

Ulipaka kijivu ukidhani ni nyeusi. Jicho haliwezi kutofautisha nyeusi kamili na kijivu cha asilimia 92 juu ya karatasi nyepesi, hasa kwenye skrini yenye mwanga mkali. Bofya kijipicha cha maski kwa Alt uitazame uchi. Utaona mabaka, michirizi, visiwa vidogo vya kijivu ambavyo brashi iliviruka.

Kijivu hicho huingia kwa njia kadhaa. Moja ni rangi: umesimama kwenye maski huku rangi ya mbele ni ile ya hudhurungi uliyoitumia kwenye kichwa cha habari, nayo maski ikaigeuza kijivu. Bonyeza D ukiwa kwenye maski. Utapata nyeupe mbele na nyeusi nyuma. Bonyeza X kuzibadilishana. Nimejizoesha kubonyeza D kila ninapoingia kwenye maski, hata kama sina shaka.

Njia nyingine ni tarakimu za kibodi. Ukiwa na brashi mkononi, kubonyeza 5 kunaishusha opasiti ya brashi hadi asilimia 50, na 9 hadi 90. Mtu anataka kuandika umri wa mtoto, anasahau kuchagua zana ya maandishi, anabonyeza tarakimu, haoni maandishi, anaendelea na mambo yake. Dakika kumi baadaye brashi "imeharibika". Bonyeza 0, opasiti itarudi 100.

Njia ya tatu ni maski uliyoibandika kutoka JPEG. Mgandamizo wa JPEG huacha chembe chafu kuzunguka kingo, na nyeusi yake haiwi nyeusi kamili. Ukiwa kwenye maski, fungua Levels (dirisha la kurekebisha weusi na weupe) kwa Ctrl+L, sukuma kitelezi cha weusi kidogo kuelekea kulia hadi chembe zizame. Usizidishe, maana unaua pia ule ufifiaji laini uliokufanya uipende maski hiyo.

## Nimepaka picha yenyewe

Doa jeusi limeganda usoni mwa bibi harusi. Hukuwa kwenye maski, ulikuwa kwenye picha. Ctrl+Z, kisha tazama ni kijipicha kipi kina fremu inayokizunguka, maana hicho ndicho kinachopokea rangi. Ni fremu nyembamba isiyoonekana vizuri, na sijui kwa nini hawaikolezi.

Kinyume chake kipo pia: umechagua nyekundu ili ugonge muhuri wa moyo, na kisanduku cha rangi kinakupa kijivu tu. Umesimama kwenye maski. Bofya kijipicha cha picha, au bora zaidi, fungua tabaka jipya.

## Brashi haichori kitu

Hapa nitakupa mfuatano ninaoufuata mimi, kuanzia sababu inayotokea mara nyingi hadi ile ya nadra.

Ctrl+D kwanza. Kama kuna eneo lililochaguliwa mahali fulani, brashi inachora ndani yake tu, na eneo lenyewe linaweza kuwa pikseli tatu uliloligusa bila kujua. Mbaya zaidi, Ctrl+H huficha ule mstari wa vidoa vinavyotembea bila kuliondoa eneo. Unaona ukurasa huru, kumbe una uzio usioonekana.

Kisha tabaka. Limezimwa jicho? Limefungwa kufuli? Ni tabaka la maandishi? Programu itakataa na kukuonyesha alama ya katazo, na hilo ni rahisi. Lisilo rahisi ni kufuli ya uwazi, ile yenye vigae vidogo, ambayo kwenye Photoshop huwashwa na kuzimwa kwa kitufe cha mkwaju, /. Ikiwa imewashwa, brashi hupaka juu ya kilichopo tu. Kwenye tabaka jipya hakuna kilichopo, kwa hiyo hutaona hata tone.

Kisha rangi. Ndiyo, nimewahi kugonga brashi nyeupe kwenye karatasi nyeupe kwa dakika kadhaa.

Kisha upau wa brashi juu: opasiti, mtiririko, na modi (jinsi rangi inavyochanganyika na kilichopo). Modi ya Behind hupaka nyuma ya kilichopo, na Clear inafuta badala ya kupaka. Ukiona mipangilio imechafuka usianze kukisia kimoja kimoja. Bofya kulia alama ya brashi mwanzoni mwa upau huo, irudishe zana kwenye hali yake ya awali.

Kishale kimegeuka msalaba mdogo na huoni umbo la brashi? Ni Caps Lock. Huoni kishale kabisa? Labda brashi ni kubwa kuliko skrini, punguza kwa kitufe cha [ hadi ukingo wake uingie machoni.

Katika GIMP kuna kisa kingine: brashi inachora vizuri kisha inakatwa ghafla kwa mstari ulionyooka. Kule kila tabaka lina mipaka yake, inayoonyeshwa kwa mstari wa vipande wa njano na nyeusi, na rangi haivuki hapo. Ulipoburuta picha ndogo ndani ya ukurasa, tabaka lilikuja na ukubwa wa picha hiyo. Kwenye menyu ya matabaka kuna amri ya kulifanya tabaka lilingane na ukurasa mzima.

## Brashi imepauka, haifanani na tangazo

Uliinunua ikiwa na waridi la kupendeza, ukagonga, ukapata kivuli cha kijivu. Faili la brashi la ABR kwa kawaida halibebi rangi. Linabeba umbo kwa ngazi za kijivu: penye nyeusi brashi inapaka kikamilifu, penye kijivu inapaka kwa wepesi. Mtengenezaji aligonga muhuri wake mara tatu kwa rangi tatu, kwa matabaka tofauti, ndipo akapiga ile picha ya tangazo. Nawe utafanya hivyohivyo.

Ikiwa rangi ni sahihi ila ni nyepesi mno, rudufu tabaka kwa Ctrl+J. Kurudufu kunakoleza sehemu zilizofifia bila kugusa zilizokwisha kolea. Kwa brashi za michirizi na madoa ya chai juu ya karatasi, jaribu kulipa tabaka modi ya Multiply, ili rangi iingie kwenye nyuzi za karatasi badala ya kukaa juu yake kama stika.

Ukitumia kalamu na bamba la kuchorea, wepesi unaweza kuwa ni mkono wako. Brashi inayosikiliza mgandamizo ikiguswa kidogo hutoa kidogo. Kwa mihuri, zima usikivu huo au gonga kwa kipanya.

## Muhuri umegeuka tope

Ulibofya ukaburuta. Brashi ya umbo ni muhuri, inagongwa mara moja na kuachiwa. Mkono ukisogea hata kidogo muhuri unajirudia juu ya wenyewe, na kingo zinafanya ukungu. Ctrl+Z, gonga tena.

Na kila muhuri uupe tabaka lake. Ninajua paneli inakuwa ndefu, lakini muhuri uliogongwa juu ya karatasi moja kwa moja huwezi kuusogeza, kuuzungusha, wala kuubadilishia rangi kesho. Ulio kwenye tabaka lake utaufanyia hayo yote.

## Kingo zina ngazi, au picha ina ukungu

Sasa hesabu kidogo. Ukurasa wa kawaida wa albamu ya kidijitali ni inchi 12 kwa 12. Kwa pikseli 300 kwa kila inchi, ambacho ndicho kipimo cha uchapishaji mzuri, unapata pikseli 3600 kwa 3600. Brashi za Photoshop hadi toleo la CS5 zilikuwa na kikomo cha pikseli 2500. Kuanzia CS6 kikomo kilipanda hadi 5000. Kwa hiyo brashi ya zamani, hata iliyotengenezwa kwa ukubwa wa mwisho kabisa, kwenye ukurasa huo inafikia inchi nane na kitu. Ukiivuta ijaze ukurasa, programu inabuni pikseli ambazo hazikuwepo.

Mbaya ni brashi ndogo. Umbo la pikseli 600 likivutwa hadi 3600 limekuzwa mara sita, na hakuna ujanja utakaolisafisha. Kabla ya kugonga, irudishe brashi kwenye ukubwa wake wa asili uone ni kiasi gani. Ikiwa ni ndogo mno, igonge mara kadhaa kwa ukubwa wake wa asili, ukiizungusha kila mara, badala ya kuivuta.

Kwa maski, mimi si mkali sana. Maski ya rangi ya maji yenye kingo zinazoyeyuka unaweza kuikuza mara moja na nusu, hata mara mbili, na hakuna atakayejua. Maski ya duara, ya herufi au ya fremu yenye kona kali haikuzwi kabisa. Itengeneze upya kwa zana ya maumbo, itakuchukua dakika mbili.

Usihukumu ukiwa umesogeza mbali. Katika ukuzaji wa asilimia 33 au 66.7 programu inakadiria, na kingo safi zinaweza kuonekana zimechanika. Nenda asilimia 100 ndipo useme kitu.

Kuna pia ukungu unaojiletea mwenyewe polepole. Unapunguza picha, unaona ni ndogo, unaikuza, unaizungusha, unaipunguza tena. Kila badiliko hukokotoa pikseli upya na kupoteza kitu. Katika Photoshop ligeuze tabaka kuwa Smart Object kabla ya kuanza kulichezea, nalo litakumbuka saizi yake ya mwanzo.

## Kingo laini zina mistari kama pete za mti

Maski ya biti 8 ina ngazi 256 za kijivu. Ukinyoosha ufifiaji mmoja kutoka ukingo hadi ukingo wa pikseli 3600, kila ngazi inachukua pikseli 14 hivi, na jicho linaanza kuziona. Ongeza chembechembe kidogo kwenye maski yenyewe, asilimia 1 au 2, na mistari itavunjika. Nasema kwenye maski, usije ukaziweka kwenye picha.

## Kivuli kimeharibu kila kitu

Kwa maski ya kubana, kivuli kinawekwa kwenye umbo la chini. Ukikiweka kwenye picha hakitatoka nje, kwa sababu picha yenyewe imebanwa ndani.

Kwa maski ya tabaka kivuli hufuata maski, na hapo ndipo watu hulalamika kwamba wakipaka kufuta kivuli, kivuli kinahama na kuufuata ukingo mpya. Ndivyo ilivyokusudiwa: programu inadhani umekata picha, kwa hiyo inachora kivuli cha picha iliyokatwa. Ukitaka maski ifiche picha *na* kivuli chake, fungua mipangilio ya mitindo ya tabaka katika Photoshop na uweke tiki kwenye Layer Mask Hides Effects.

Lakini ngoja niseme na langu. Maski ya brashi, yenye michirizi na matone, haihitaji kivuli. Wino uliolowa kwenye karatasi hauinuki, na ukiupa kivuli unageuka plastiki iliyokatwa kwa mkasi na mtu mwenye mkono unaotetemeka. Vivuli wape fremu, vifungo, riboni na vingine ambavyo kwenye albamu ya karatasi vingekaa juu kweli.

## Ukingo mweupe usiotoka

Ikiwa ni pambo lililokatwa kutoka picha nyingine, jaribu amri ya Defringe kwa pikseli 1. Ikiwa ni maski ya tabaka, simama kwenye maski utumie kichujio cha Minimum, pikseli 1 pia. Kinapunguza eneo jeupe la maski kwa unywele, na ule ukingo unamezwa.

## Nikisogeza picha, maski inasogea pia

Kati ya vijipicha viwili kuna mnyororo mdogo. Ubofye uondoke. Sasa simama kwenye picha uisogeze ndani ya maski iliyotulia. Ukimaliza rudisha mnyororo, la sivyo siku utakapohamisha kila kitu utaiacha maski nyuma.

## Nimeongeza tabaka, kubana kumevunjika

Umeingiza tabaka lisilobanwa kati ya picha na umbo. Litoe, au libane nalo. Picha mbili zinaweza kubanwa kwenye umbo moja, lakini ya juu itafunika ya chini hadi uipake maski yake. Ukimaliza, viweke vyote kwenye kundi moja na ulipe jina. Matabaka 40 yenye majina ya "Layer 17" na "Layer 17 copy 2" ni adhabu ya kujitakia.

## Elements ya zamani haina maski ya tabaka

Ni kweli, matoleo ya kabla ya Elements 9, lililotoka 2010, hayana kitufe hicho. Wakongwe walitumia tabaka la marekebisho: ongeza tabaka la Levels chini ya picha bila kubadili chochote, bana picha kwenye tabaka hilo, kisha paka maski inayokuja na Levels. Picha itatii maski hiyo. Nimeona kompyuta za zamani zikifanya kazi nzuri kwa mbinu hii hadi leo.

## Kwenye skrini ipo, kwenye karatasi haipo

Ufifiaji wa asilimia 3, 4 au 5 unaoonekana vizuri kwenye skrini inayong'aa unaweza kupotea kabisa kwenye karatasi, na ukingo uliodhani unayeyuka ukaonekana umekatwa. Punguza mwanga wa skrini hadi nusu uutazame ukurasa tena. Kisichoonekana hapo, kikoleze.

Pia usiweke kingo za brashi karibu mno na mwisho wa ukurasa. Wachapaji hukata, na mara nyingi huomba ziada ya milimita 3 hivi kila upande kwa ajili ya kisu. Ama ipeleke michirizi ivuke ukingo kwa ujasiri, ama irudishe ndani. Iliyosimama palepale kwenye mpaka itabaki nusu, na nusu hiyo inaonekana kama kosa.

Kabla ya kutuma, hifadhi PSD yenye matabaka yote (au XCF kwa GIMP), *kisha* toa nakala ya JPEG kwa jina jingine. Mimi niliwahi kuunganisha matabaka ili faili liwe jepesi, nikahifadhi juu ya lile la asili, nikafunga. Siku chache baadaye nikaombwa nibadilishe picha moja tu ndani ya maski ya majani. Ukurasa ule niliujenga upya wote, na yale majani sikuyapata tena yalivyokuwa.